Joto la Ekzosi na Mpako wa Kauri: Hesabu ya Magari ya Zamani ya Urambo

Mkulima wa tumbaku ya mvuke wilayani Urambo na mwenye Land Rover kuukuu wanashughulika na kitu kimoja: bomba la chuma linalopitisha moshi wa moto. Wanatofautiana kwenye kile wanachokitaka. Ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, bomba hutambaa sakafuni kutoka tanurini na hutakiwa kumwaga joto lote kabla moshi haujatoka nje, kwa sababu joto hilo ndilo linaloondoa maji kwenye majani. Chini ya boneti, bomba hutakiwa kubeba joto lake mpaka nyuma ya gari bila kuliachia njiani, maana jirani zake ni kabureta, pampu ya mafuta, nyaya na miguu ya dereva. Wapenzi wa magari ya zamani duniani wanausifu sana mpako wa kauri kama dawa ya joto hilo: bomba linapakwa, linaokwa, linarudi likiwa la fedha au jeupe, na mwenye gari anaahidiwa injini isiyochemka, nguvu zaidi, na bomba lisilooza. Ahadi hizo tatu hazina uzito sawa. Kwa gari linaloishi Urambo, faida ya kweli ya mpako ni umri wa bomba jembamba. Ubaridi chini ya boneti hupatikana kwa njia nyingine, tena rahisi, na nguvu ya injini haina sababu ya kutafutwa hapo.

Tuanze na magari yenyewe. Urambo iliziona injini nyingi mapema kuliko wilaya nyingi za bara. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliichagua, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kuwa eneo la mradi mkubwa wa karanga, mradi ulioendeshwa kwa matrekta yaliyokwisha kutumika, malori ya jeshi yaliyobaki baada ya vita, na hata vifaru vya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers ilivigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na baadaye tumbaku ndiyo iliyoshika ardhi ile. Land Rover nayo ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na kwa miaka mingi iliyofuata ikawa gari la serikali, la misheni na la watu wa kilimo katika nchi ambayo barabara zake zilikuwa za udongo. Injini yake iliyoenea zaidi ni ile ya petroli ya lita 2.25, yenye sentimita za ujazo 2286, iliyoanza kutumika mwaka 1958. Katika injini hiyo manifoldi ya kuingizia na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja, tena zimefungwa pamoja kwa makusudi, ili moshi wa moto upashe mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye asubuhi za baridi za Ulaya. Toyota Land Cruiser FJ40 imepangwa hivyohivyo. Datsun 240Z pia, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ina kabureta zilizokaa juu ya mabomba ya ekzosi. Kinyume chake ni Ford Escort zenye injini ya Kent ya miaka ya 1970, ambazo hewa huingia upande mmoja na moshi hutokea upande wa pili. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama gari lake linahitaji mpako afungue kwanza boneti aone kabureta imekaa wapi. Anayemshauri bila kuangalia hilo anabahatisha.

Sasa joto lenyewe. Moshi wa injini ya petroli inayovuta mzigo hutoka kwenye vali ukiwa na nyuzijoto kati ya 600 na 850 hivi, na ukuta wa manifoldi unaweza kufika nyuzijoto 500 gari linapopanda mlima na mzigo. Kutoka kwenye ukuta huo joto huondoka kwa njia mbili. Moja ni hewa inayoligusa bomba. Nyingine ni mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga, lile linalouchoma uso wa mtu aliyesimama mbele ya mdomo wa tanuri hata upepo ukiwa unatoka mgongoni kwake. Kwa bomba lililoshika kutu, lenye rangi ya kahawia iliyoiva, mnururisho kwa nyuzijoto 500 ni karibu kilowati 17 kwa kila mita ya mraba. Hewa iliyotulia chini ya boneti huchukua kilowati tano mpaka saba tu kutoka eneo lilelile. Hivyo sehemu kubwa ya joto linalomfikia jirani wa bomba, karibu robo tatu, haibebwi na hewa hata kidogo. Ukweli huu mmoja unaamua mambo mengi yanayofuata, na ajabu ni kwamba mara nyingi huachwa nje ya mazungumzo ya mpako.

Mipako inayouzwa ni ya namna mbili kuu. Ya kwanza ni nyembamba: chembe za alumini zilizoshikwa na gundi ya kauri, zikapulizwa, zikaokwa, zikang'arishwa. Unene wake haufiki sana zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya milimita. Ya pili ni nene kiasi, karibu theluthi moja ya milimita, nayo ni zirkonia inayorushwa juu ya chuma kwa mwali wa plazima. Mipako ya ukoo huu ndiyo iliyokinga sehemu za roketi tangu miaka ya 1960, na baadaye mapanga ya injini za ndege, na sifa yake ya huko ni ya haki. Lakini ekzosi ya gari la zamani ina hesabu yake. Kabla joto la moshi halijaingia kwenye chuma hupita kwanza kwenye utando wa moshi uliolala ukutani mwa bomba, na utando huo hulizuia joto takriban mara mia moja zaidi ya mpako ule mwembamba. Hata ule mnene, ukilinganishwa na utando huo, unaongeza kama sehemu moja ya ishirini. Kauri ni kizuizi kizuri cha joto, hakuna anayelipinga hilo. Hapa imepakwa nyembamba mno kuweza kuonyesha kipaji chake chote.

Basi mbona watu wanapima na kuona mabomba yaliyopakwa yanatoa joto kidogo? Kwa sababu yanang'aa. Uso wa fedha uliosafishwa hutoa mnururisho karibu theluthi moja tu ya ule wa chuma chenye kutu. Zile kilowati 17 kwa mita ya mraba hushuka hadi sita hivi. Hiyo ni faida kubwa na ya kweli, nayo inatoka kwenye uso wa mpako, juu kabisa. Na uso ndio unaoharibika kwanza Urambo. Barabara kuu siku hizi ina lami sehemu kubwa, lakini gari la zamani bado linashuka kwenye njia za vijijini, ambako kuanzia Juni mpaka Oktoba vumbi jepesi huingia chini ya boneti na kukaa kila mahali. Injini hizi, kwa umri wao, huvuja mafuta kwenye kava ya vali. Tone likianguka kwenye manifoldi linaungua, vumbi linanata juu yake, na baada ya muda kunabaki gamba jeusi gumu ambalo kwa upande wa mnururisho linafanana na kutu. Mpako uko palepale chini ya gamba, haujabanduka, ila kazi iliyolipiwa imekwisha. Anayetaka kuirudisha hana budi aoshe manifoldi mara kwa mara na, muhimu zaidi, abadilishe gasketi ya kava ya vali. Gasketi hiyo ni kazi ya saa chache kwa fundi yeyote wa gereji.

Mabani ya tumbaku yanathibitisha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Kukausha tumbaku ya mvuke huchukua karibu wiki nzima: joto la ndani huanza kwenye nyuzijoto 35 hivi wakati majani yanageuka njano, kisha hupandishwa polepole hadi kupita nyuzijoto 70 ili kukausha vikonyo. Kuni zinazotumika ni miti ya miombo, na kila joto linalotoroka na moshi ni mti uliokatwa bure. Bomba la bati jipya linalong'aa hutoa joto kwa unyonge, na bomba lililokwisha kuwa jeusi na kushika kutu hulitoa vizuri zaidi, hivyo mabati yaleyale hufanya kazi vizuri zaidi yakishachakaa kidogo. Kanuni ni ileile moja. Mkulima anaitumia kwa faida yake bila kuhitaji kuipigia hesabu, na mwenye gari anaweza kuisoma kwenye bani la jirani kabla hajatuma manifoldi yake mbali ikapakwe.

Kuhusu nguvu ya injini, watetezi wa mpako hudai kwamba moshi ukibaki na joto lake hukimbia haraka zaidi, na hivyo husaidia silinda kujisafisha. Dai hili lina chembe ya ukweli. Moshi wa moto una mwendo mkubwa wa sauti ndani yake, na mabomba ya magari ya mashindano hukatwa urefu wake kwa kufuata mwendo huo. Lakini manifoldi ya chuma cha kusubu ya Land Rover haikubuniwa kwa hesabu hizo. Ni fupi, mashimo yake yanakutana mapema, na tofauti ya nyuzijoto chache ndani yake haitasikika kwenye usukani. Isitoshe, Urambo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,100 au 1,200 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam, na injini yenye kabureta hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho hivi. Hakuna mpako unaoweza kurudisha hewa isiyokuwepo. Fundi anayejua kurekebisha jeti za kabureta na kuweka taimingi sawasawa atampa mwenye gari nguvu zaidi kuliko tanuri lolote la kuokea kauri.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa watu wa rali. Katika mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo mara kadhaa yamevuka mpaka na kuingia Tanzania, ushindani ni wa Porsche 911, Datsun na Escort zilizotengenezwa upya kwa gharama kubwa, na kwa magari ya aina hiyo mipako ya ekzosi ni jambo la kawaida. Kama inafaa kwenye vumbi la Tsavo na la Kilimanjaro, kwa nini isifae Urambo? Inafaa huko kwa sababu maisha ya gari ni tofauti. Gari la rali lina mabomba membamba yaliyochomelewa kwa mkono, injini yake hukaa kwenye mzunguko wa juu kwa saa nyingi, mafundi huliosha na kulikagua kila jioni, na likimaliza mashindano linafunguliwa lote. Land Rover au Peugeot 404 ya Urambo hupelekwa sokoni, msibani, shambani, ikaegeshwa, ikawashwa tena. Hata ushindi wa 404 kwenye Safari za mwaka 1966 na 1967, alioupata Bert Shankland aliyekuwa mkazi wa Tanzania, ulisifiwa kwa uimara wa gari lililokuwa karibu sana na lile la dukani. Uimara ule ni wa kuigwa kabla ya kuiga mabomba ya kung'aa.

Tatizo linalowasumbua wenye magari haya huku bara lina wakati wake maalumu. Gari limetembea vizuri mchana wa Oktoba, likazimwa kwa dakika kumi, na sasa haliwaki. Injini ikizimwa, feni inasimama, maji hayazunguki tena, petroli baridi haiji kutoka tankini, na manifoldi yenye kilo kumi au zaidi za chuma cha kusubu inabaki na joto lake. Ikipoa kutoka nyuzijoto 400 mpaka 100 tu inaachia joto linalotosha kuchemsha lita nne za maji ya baridi, nalo lazima liende mahali. Linapanda kwenye kabureta. Petroli ina sehemu zinazoanza kuchemka kwenye nyuzijoto 35 au 40, na kwenye mwinuko wa Urambo, ambako hata maji huchemka karibu na nyuzijoto 96, kiwango hicho kinashuka zaidi. Mafuta yanageuka mvuke, pampu inavuta mvuke, na dereva anaishia kumwagia pampu maji au kuifunga kitambaa kibichi. Mpako ungesaidia hapa? Kidogo. Unapunguza kasi ya joto kutoka, ila haulipunguzi joto lililomo ndani ya chuma kizito. Linatoka lilelile, kwa muda mrefu zaidi. Kinacholizuia lisiifikie kabureta ni kitu cha kusimama katikati.

Kitu hicho ni ngao ya joto, nayo ndiyo kazi ninayoitetea kuliko mpako. Bati moja la alumini, likikatwa kwa umbo la manifoldi na kusimamishwa likiwa na nafasi ya hewa ya sentimita moja au mbili kati yake na chuma, hukata mnururisho kwa nusu hata kama limechakaa kabisa pande zote mbili. Likiwa bado linang'aa, hukata sehemu kubwa zaidi, na upande wa kung'arishwa ni ule wa juu, ambao kitambaa kinaufikia bila kufungua kitu. Kati ya kabureta na manifoldi ya kuingizia huongezwa kipande kinene cha plastiki ngumu ya bakelaiti au cha mbao iliyobanwa, ili joto lisipande kupitia chuma. Bomba la petroli linahamishwa mbali na ekzosi na kufungwa lisiguse. Kazi yote hiyo inafanywa na fundi wa bati na fundi wa gereji wa Urambo mjini au Tabora, kwa vifaa vilivyopo, na ikiharibika inatengenezwa palepale. Manifoldi inayopelekwa kupakwa kauri husafiri kilomita mia nyingi, inapigwa mchanga mpaka chuma kibaki cheupe, inapakwa na kuokwa, na muda wote huo gari limelala juu ya mawe.

Wapo wanaopendekeza njia ya tatu, kuizungushia ekzosi utepe wa nyuzi za kioo. Utepe unazuia joto kwelikweli, kuliko mipako yote miwili, kwa sababu ni mnene na una hewa ndani yake. Ubaya wake ni kwamba bomba chini yake linaungua. Joto likizuiwa kutoka, ukuta wa chuma wenyewe hupanda joto. Chuma cha kawaida kikipita nyuzijoto 500 na kitu huanza kufanya magamba yanayobanduka, na magamba hayo ndiyo unene wa bomba unaoondoka. Kisha inakuja masika. Kuanzia Novemba hadi Aprili gari linavuka madimbwi, utepe unanyonya maji yenye matope na kuyashika kwenye chuma usiku kucha. Kwa hali ya hewa ya Urambo sioni sababu ya kuutumia.

Hoja hiyohiyo ya ukuta kupanda joto inagusa mpako pia, na hapa ndipo penye makosa mengi. Bomba lililopakwa nje tu linazuiwa kutoa joto, lakini ndani yake moshi unaendelea kulipiga. Chuma kinakuwa cha moto zaidi kuliko zamani, na kinaliwa kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, huku nje kukiwa bado kunapendeza. Mpako wa maana ni ule wa pande zote mbili, na kwa ndani lengo lake kubwa ni kukinga chuma dhidi ya magamba na dhidi ya maji yanayojikusanya kila injini inapopoa, maji yenye asidi kidogo yanayooza bomba la gari linalotumika kwa safari fupifupi. Manifoldi ya chuma cha kusubu haihitaji ulinzi huo sana. Unene wake wa milimita kadhaa umestahimili miaka 50 na utastahimili mingine. Mabomba membamba ya kuchomelea, ambayo mtu ameyafunga badala ya manifoldi ya zamani iliyopasuka na isiyopatikana tena, yana ukuta wa milimita moja na nusu tu, na kwao mpako wa ndani na nje ni matumizi ya busara.

Hata hapo mpako unategemea kazi iliyofanyika kabla yake. Mabomba yafungwe kwanza bila mpako, yajaribiwe barabarani, yakatwe na kuchomelewa pale yanapogusa fremu, ndipo yapelekwe, kwa kuwa mpako hauchomelewi juu yake. Injini iliyofanyiwa ovahoo izoeshwe kwanza kwa mabomba mengine, maana mchanganyiko na taimingi visipokaa sawa mabomba huiva mpaka kuwa mekundu, na hapo mpako mwembamba huungua siku ya kwanza. Kuna mtego mmoja unaowahusu zaidi watu wa nyanda za juu. Kabureta iliyowekwa kwa ajili ya pwani huleta petroli nyingi mno Urambo, hivyo fundi huweka jeti ndogo, na ni haki yake. Gari hilohilo likishuka mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900, linakutana na hewa nzito, mchanganyiko unakuwa mkavu, na joto la moshi linapanda. Anayepanga safari kama hiyo achukue jeti za zamani azibadilishe akifika chini. Kadhalika raba za kubebea injini: zikiwa zimelegea, mawimbi ya barabara ya udongo yanapasua viungo vya mabomba hata yangepakwa dhahabu.

Wanaojali uhalisi wa gari la zamani wanapinga rangi ya fedha, wakisema manifoldi ilitoka kiwandani ikiwa ya rangi ya chuma na ibaki hivyo. Wana haki kuhusu sura, na mipako mingine hutolewa kwa rangi ya kijivu ya chuma cha kusubu. Lakini rangi hiyo ya kijivu inaacha ule mng'aro ambao, kama tulivyoona, ndio unaobeba sehemu kubwa ya faida ya joto. Mwenye kutaka vyote viwili anarudi kwenye ngao ya bati, ambayo hufunguliwa siku ya maonyesho na kurudishwa siku ya safari.

Kwa hiyo, mwenye gari la zamani Urambo na fundi wake, anzeni na gasketi zinazovuja, jeti na taimingi. Fuatisheni ngao ya alumini na kipande cha kuzuia joto chini ya kabureta. Manifoldi ya chuma cha kusubu iacheni ilivyo. Fedha za mpako wa kauri ziwekeni kwa siku mtakayolazimika kutengeneza mabomba mapya membamba, na siku hiyo msikubali yapakwe nje tu.